Injini ya Heshima na Barabara Isiyo na Shimo

Krrr-ta. Krrr-ta. Krrr-ta.

Mlio ulianzia chini, ukapanda ngazi bila kuulizwa kitambulisho, ukapenya chini ya mlango wa chumba cha mikutano cha Wizara ya Barabara na Ulaini, ukawakuta wanakamati na vikombe vya chai mikononi. Hakuna aliyejua ni mlio wa nini. Mwenyekiti, mtu aliyezeekea kazini, akaona kilicho salama ni kusimama. Wote wakasimama. Wakabana mikono ubavuni, videvu juu, mpaka mlio ulipokoma. Kisha wakaketi, na katibu akaelekezwa aweke kwenye kumbukumbu kwamba Kamati ilitoa heshima zake.

Ulikuwa mnyororo wa winchi. Huko chini gerejini, fundi wa kike aliyejulikana kwa jina la Bi Nati alikuwa anaitoa injini ya gari la kale la wizara.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, lenye pua ndefu na taa za mviringo kama macho ya mtu aliyetajiwa bei. Ndilo lililombeba waziri wa kwanza kwenda kufungua barabara ya kwanza, na katika sherehe za wizara zilizokuwa zinakaribia ndilo lililotakiwa kuongoza maandamano. Lakini injini ilikuwa inagonga. Silinda zake zilihitaji kuchongwa upya, na mashine ya kuchonga ilikuwa kwenye karakana ya Bi Nati, upande wa pili wa soko, mwendo ambao mtu mwenye njaa huuona mfupi. Injini ilipaswa kutoka hapa ifike pale bila kuumia. Jambo zito kama hilo haliwezi kuachiwa pikapu na mtu mwenye akili zake. Liliundiwa Kamati.

Asubuhi hiyo hiyo Waziri alikuwa ameshalitangazia taifa kupitia redio, kwa sauti aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya mambo makubwa:

"Ndugu wananchi. Leo nchi yetu inajiunga na nchi zinazosafirisha injini. Wizara yangu inaandaa Mwongozo wa Usafirishaji Salama wa Vibebwa vya Heshima. Hakuna atakayekuwa juu ya Mwongozo huo, hata mimi mwenyewe. Nitaisindikiza injini hiyo hatua kwa hatua, katika barabara ambayo, kwa mujibu wa taarifa ya wizara, haina shimo hata moja. Na ikifika salama, Kaimu wetu atathibitishwa kazini siku hiyo hiyo."

Kaimu ndiye yule mwenyekiti aliyesimamisha watu. Kwa cheo alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Miondoko, na alikuwa amekaimu tangu enzi za mawaziri ambao sasa hata wajane wao wameolewa. Ofisini hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa. Shuleni watoto wake waliandikwa kwa jina la Kaimu. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomkata maini ni mkewe, ambaye siku hizi wageni wakija nyumbani alikuwa akimtambulisha kwa utulivu kabisa: "Na huyu ndiye kaimu mume wangu." Alisema hivyo bila kucheka, huku akimsogezea mgeni kiti.

Basi Kaimu aliposikia ile ahadi redioni, alikaa chini, akalegeza tai, akanywa maji ya chupa nzima. Injini ile ilikuwa imebeba ndoa yake.

Alishuka gerejini kutafuta utaalamu. Bi Nati alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na utani kati yao haukuwa na breki.

"Shemeji," Kaimu alisema, kalamu mkononi, "nchi inataka kujua injini inabebwaje."

"Kwani nchi ndiyo itakayoibeba?"

Alimweleza huku anajifuta mikono. Unamwaga oili na maji yote. Unaziba matundu kwa matambara safi, vumbi lisiingie. Unaikalisha juu ya tairi bovu ili isikalie sampo yake, maana sampo, lile bakuli la oili la chini, ni bati jembamba, likipondeka umekwisha. Unaifunga mikanda pande zote. Halafu unaendesha taratibu.

"Na kama kweli mnaipenda," akamalizia, "zibeni mashimo ya barabara. Hapo hata toroli la mchanga lingeifikisha."

Kaimu akatazama nyuma, akamwomba sentensi ya mwisho asiirudie ndani ya jengo. Wizara haikuwa na mashimo. Palikuwa na maeneo ya barabara yenye kina tofauti, na hata hayo yalikuwa bado yanachunguzwa.

"Haya, shemeji. Na kule nyumbani, ameshakuthibitisha, au bado uko kwenye majaribio?"

Kaimu akafunga kalamu, akapanda ngazi. Mtu anayejenga taifa hajibu kila kitu.

Maneno ya Bi Nati yalipofika juu yalivuliwa ovaroli na kuvishwa suti. Oili ikawa "vimiminika vya ndani". Tambara likawa "kizibo laini". Kuhusu neno "injini" kulizuka mjadala mkali, kwa sababu mjumbe mmoja aliona linabagua vitu vingine ambavyo siku moja vingeweza kuhitaji kubebwa. Wakalifuta, wakaandika "chochote". Ikawa: chochote kitakachopanda pikapu ya wizara katika msafara huo kitamwagwa vimiminika vya ndani, kitazibwa matundu, kitakalishwa juu ya tairi na kufungwa mikanda.

Hapo ndipo mjumbe wa sheria aliponyoosha mkono. Alikuwa mtu mkimya ambaye akizungumza watu huacha kutafuna. Alisema pikapu inarusha, na gari laini kuliko yote wizarani ni la Waziri. Kwa utaratibu wa kawaida, kilicho adimu zaidi hupanda gari laini zaidi. Injini ile haitengenezwi tena popote duniani.

"Mawaziri bado wanatolewa," alisema.

Kaimu aliitafuta kasoro kwenye hoja ile, akaipekua mbele na nyuma, hakuiona. Ikapitishwa kwa kauli moja. Waziri alisaini Mwongozo mzima akiwa anaongea na simu, na picha ya kusaini ikatoka vizuri sana.

Siku ya safari ikawadia. Mtangazaji wa redio, binti mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko kichwa chake, alikuwa hewani tangu alfajiri akieleza hali ya mikanda. Injini ilikuwa imeshapakiwa. Viti vya nyuma vya gari la Waziri viling'olewa, ikakalishwa humo juu ya mito, imefunikwa blanketi jipya, madirisha yamepandishwa ili isipate upepo. Bi Nati alikaa kiti cha mbele kama Mwongozo ulivyotaka, mtaalamu awe karibu na kibebwa. Alikuwa ameshaigundua ile mashine ya kupoza hewa na alikuwa anaifaidi.

Waziri akatoka ndani ya jengo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akalitazama gari lake. Akalitazama blanketi.

"Na mimi?" aliuliza.

Kaimu akasonga mbele kwa adabu, mikono nyuma. Akaeleza kwamba magari mengine yote ya wizara yalikuwa juu ya mawe, springi zimevunjika, kwa sababu ambazo wizara ilikuwa bado haijazibaini. Kilichobaki ni pikapu. Mbele ya pikapu palikuwa na dereva na mitambo ya redio. Lakini nyuma, Mheshimiwa, kulikuwa na nafasi kubwa na hewa ya kutosha.

Waziri alifungua mdomo. Kipaza sauti kikafika mdomoni hapo kabla ya neno.

"Mheshimiwa," mtangazaji aliuliza kwa furaha, "wananchi wanakumbuka ulisema hakuna aliye juu ya Mwongozo, hata wewe. Bado ndivyo?"

Nyuma ya ukuta wa wizara watu walikuwa wamejaa, redio zao zimewashwa. Waziri akameza alichotaka kusema, akatoa kingine.

"Bado ndivyo," alisema.

Mwongozo ulisema chochote kitakachopanda pikapu, na anayepanda alikuwa yeye; basi ikawa kazi tu. Vimiminika kwanza. Waziri aliingia msalani, Kaimu akasimama nje ya mlango na kusikiliza kwa niaba ya Kamati, na alipotoka, Kaimu aliwaambia wajumbe kwamba hatua ya kwanza imekamilika vizuri. Kisha vizibo. Pamba ziliingia masikioni. Tambara jeupe, jipya, lililopigwa pasi, likaingia mdomoni. Ilipofika zamu ya pua, wajumbe waligawanyika, maana pua ni matundu mawili kwa mtu mmoja. Bi Nati akashusha kioo na kupaza sauti kwamba hata injini huachiwa pa kupumulia, wasije wakamuua baba wa watu. Pua ikasamehewa.

Tairi lilikuwa tayari nyuma, kwenye bodi ya pikapu. Waziri akakalishwa katikati yake, magoti juu, akazama kama kikombe kwenye kisahani. Mikanda ikapita kifuani, mabegani na mapajani, ikakazwa mpaka ikalia. Kaimu na mtangazaji wakapanda naye, wakashika vyuma vya pembeni. Kaimu aliuliza kama Mheshimiwa ana pingamizi lolote. Mheshimiwa hakusema kitu.

Msafara ukaondoka kwa mwendo wa jeneza. Mbele gari la Waziri likiwa na injini, nyuma pikapu ikiwa na Waziri, na kando umati unaotembea bila kuachwa. Gari la mbele lilielea. Ndani yake Bi Nati alikuwa ameegemea kiti, mkono mmoja juu ya blanketi kama mama aliyelaza mtoto.

Pikapu ikaingia kwenye eneo la kwanza lenye kina.

Mwili wa Waziri ulikuwa umefungwa barabara, haukusogea hata kidogo. Ila Mwongozo haukuwa umesema lolote kuhusu kichwa. Kichwa kikaenda chini, kikarudi juu, polepole, kama cha mtu anayekubali jambo baada ya kulitafakari.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza nyanya kando ya barabara aliona. Kila wiki toroli lake hupinduka palepale na kumgeuzia biashara kuwa sosi. Akaweka kopo la nyanya chini.

"Mheshimiwa," aliita, "barabara hii mtaitengeneza mwaka huu?"

Gurudumu la nyuma likafuata la mbele. Kichwa kikaenda chini, kikarudi juu.

"Wasikilizaji," mtangazaji alisema, "Mheshimiwa amekubali."

Kelele zilizopigwa hapo zilifika hadi wizarani. Waziri hakuzisikia, alikuwa na pamba. Aliona tu midomo ya watu na mikono inayopungwa, na kwa mazoea ya kazi akatabasamu kwa macho.

Baada ya hapo watu hawakungoja zamu. Mzee mmoja aliomba dawa kwenye zahanati. Waziri aliafiki, mara mbili. Jambo hilo halikuwa la wizara yake, lakini hakuonyesha uchoyo. Wanafunzi waliomba madawati, akaafiki. Kijana mmoja aliomba timu yao ipate kipa, na hapo Waziri aliafiki kwa nguvu mpaka miwani ikamtoka sikio moja. Mtangazaji alitangaza moja baada ya jingine. Hakuna kumbukumbu ya waziri yeyote aliyewahi kuwasikiliza wananchi kiasi kile.

Kaimu alishika chuma. Alikuwa mtu wa ofisini, lakini hakuwa mjinga. Alishaelewa kinachokitikisa kile kichwa. Na alijua, kama anavyojua kila mtu anayeishi upande ule, kwamba mbele kidogo, mkabala na bucha, kuna shimo ambalo watu wamelipa jina kabisa. Linaitwa Bwawa. Bata wa mwenye bucha huogelea humo.

Ahadi ya redioni aliikumbuka, ndiyo. Lakini ahadi za redioni alikuwa nazo nyingi, amezilalia miaka na miaka. Akitaka kitu cha uhakika, kitu cha kumpelekea mke, ni kuafikiwa hadharani, hewani, na mashahidi wakiwepo. Akapima kwa macho. Gurudumu lilipokuwa linalikaribia Bwawa, akapiga magoti mbele ya tairi, akasema kwa sauti ya kusikika na nchi nzima:

"Mheshimiwa, je, unanithibitisha?"

Dereva wa pikapu alikuwa na huruma. Alikuwa anamwona Waziri kwenye kioo, miwani inaning'inia, na moyo ukamshinda. Akakata usukani. Gurudumu la mbele likalikwepa Bwawa kwa upana wa kidole, likapita juu ya kipande kidogo cha lami ambacho kwa miujiza kilikuwa bado kizima.

Kichwa cha Waziri kilitulia tuli.

"Mheshimiwa," mtangazaji alisema taratibu, "hajakubali."

Umati ukatazama chini kwa aibu ya Kaimu. Kaimu naye alibaki magotini, akiiona sebule yake, mgeni amesimama, mkewe anasogeza kiti.

Hapo mwenye bucha alifuta kisu kwenye aproni. Hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa amechoka kuvua bata barabarani.

"Basi wewe mwenyewe Mheshimiwa," alisema, "si ujiuzulu tu leo hii?"

Gurudumu la nyuma, ambalo halikuwa na huruma ya mtu, likatumbukia Bwawani.

Kichwa kilishuka mpaka kidevu kikagusa mkanda. Kikapanda. Kikashuka tena, kikapanda, na pikapu ilipokuwa inajinasua kikaafiki mara ya tatu, kwa unyenyekevu mkubwa. Maji ya matope yakamwagikia tai. Bata wakapiga kelele. Redioni wakasikika bata peke yao.

Karakanani sakafu ilikuwa ya saruji, sawa kama meza. Bi Nati alifunua blanketi, akaizunguka injini, akapapasa chini yake, akasema haina hata mkwaruzo. Kisha wakamfungua Waziri. Mikanda ikalegezwa, pamba zikatolewa, na mwisho kabisa, kwa heshima, tambara.

Umati ulikuwa umejazana mlangoni. Waziri alitazama nyuso zile. Hakupata kuona watu wanaomtazama kwa mapenzi namna hiyo, akaingiwa na wasiwasi. Akamvuta Kaimu sikioni.

"Nimekubali nini?"

Kaimu akamweleza yote kwa mpangilio. Barabara, dawa, madawati, kipa. Akashusha pumzi. Halafu kujiuzulu, Mheshimiwa. Leo.

"Mimi sikukubali chochote," Waziri alisema, na kwa hasira akasema kwa sauti, kipaza sauti kikiwa hapo hapo. "Kichwa kilikuwa kinatikiswa na mashimo."

Bi Nati alikuwa anakunja blanketi. Alimaliza kwanza kulikunja.

"Mashimo gani, Mheshimiwa?" aliuliza.

Waziri akamtazama.

"Nauliza tu, baba, nisikosee," Bi Nati alisema. "Redioni ulisema barabara hii haina shimo hata moja. Sasa kama hakuna mashimo, kichwa ulikitikisa mwenyewe. Na kama yapo, basi ile taarifa ni ya barabara ipi?"

Kaimu alimwona mkubwa wake anapiga hesabu. Alimwona anakwenda kwenye mlango mmoja, anarudi, anakwenda kwenye mwingine, na yote miwili imefungwa kwa nje na sahihi yake mwenyewe. Mtangazaji alikuwa amesogeza kipaza sauti. Mwanamke wa nyanya alikuwa amesimama mbele kabisa, kopo kifuani.

Waziri akaivuta tai yenye matope, akainyoosha. Aliamua kufa nayo shingoni.

"Barabara ile," alisema, "haina shimo hata moja. Niliyoyakubali, nimeyakubali mwenyewe. Injini imefika salama, Kaimu ninamthibitisha kuwa Mkurugenzi. Mimi najiuzulu."

Akatoka nje na kuelekea nyumbani kwake kwa miguu, akiyazunguka yale yasiyokuwepo kwa uangalifu mkubwa.

Watu walimbeba Kaimu juu juu. Alikuwa ametokwa na machozi. Mkurugenzi kamili. Bi Nati akamkaribisha chai, na chai ilikuwa bado inatoa moshi alipofika yule mjumbe wa sheria, anahema, akamsogelea na kumnong'oneza kwamba kwa mujibu wa taratibu, kiti cha waziri kikibaki wazi, kinashikwa na mkurugenzi aliyethibitishwa karibuni zaidi.

"Kinashikwa vipi?" aliuliza Kaimu, ingawa alishajua.

"Kwa kukaimu," alisema mjumbe wa sheria. "Hongera, Kaimu Waziri."

Bi Nati alicheka mpaka akakalia boksi la spana. Alipopata sauti alisema dada yake amekwishapiga simu, alikuwa anasikiliza redio tangu mwanzo, bata na yote. Ameagiza kwamba cheo cha leo hakijui na wala hakitaki. Lakini kwa kuwa waziri sasa yuko ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku mashimo yatakapozibwa, hata yeye atamthibitisha.

Kaimu aliweka kikombe chini. Akaanza kusema kwamba suala hilo lingehitaji kwanza kuundiwa...

"Shemeji." Bi Nati alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Injini ikishachongwa inarudi wizarani. Inarudi na gari laini, mmeandika wenyewe. Pikapu ni ya waziri. Na tairi si lile pale? Nimeshakuwekea tambara safi."

Kaimu akalitazama tairi. Lilikuwa na matope katikati, na umbo la mtu aliyekuwa amekaa.

"Njoo hapa," Bi Nati alisema, akimvuta mpaka katikati ya karakana, kwenye saruji iliyo sawa kabisa, mtangazaji akiwasogelea na mwanamke wa nyanya akitega sikio. "Simama pasipotikisika. Useme, ili kesho usije ukasingizia pikapu."

Kaimu Waziri akasimama, mikono ubavuni, kidevu juu, kichwa kimetulia.

"Mashimo yapo, shemeji," alisema. "Na yatazibwa yote kabla injini hii haijarudi. Nakuahidi."